Maisha ya James Dean

James Dean alizaliwa tarehe 8 Februari 1931 mjini Marion, jimbo la Indiana, Marekani. Mama yake alipofariki mwaka 1940, alipelekwa shambani kwa shangazi yake akalelewa huko. Alipokua akawa mchezaji wa sinema.

Mapema mwaka 1955 alinunua motokaa ndogo ya Porsche, aina ya Speedster. Aliiendesha kila siku mjini, na mwezi wa Machi akaenda nayo Palm Springs, akashinda mbio za wanaoanza. Motokaa moja, kazi mbili! Mwezi wa Mei, huko Santa Barbara, pistoni ikaharibika. Kisha wakubwa wa sinema wakamkataza kushindana mpaka amalize picha aliyokuwa akiicheza.

Mwezi wa Septemba alinunua Porsche nyingine, 550 Spyder, iliyoundwa hasa kwa mashindano: nyepesi, fupi, haina paa. Tarehe 30 ilikuwa ivutwe kwa tela hadi Salinas kwenye mbio. Lakini injini ilikuwa mpya, haijazoea kazi, basi akaiendesha mwenyewe, fundi ameketi kando yake. Nadhani hapo ndipo alipokosea, kwani uwanjani wote huelekea upande mmoja, bali barabarani watu hukutana uso kwa uso. Saa tisa na nusu alasiri polisi alimwandikia kosa la kwenda mbio. Saa kumi na mbili kasorobo hivi, karibu na Cholame, motokaa ya Ford iliyotoka mbele yake ilikata kona, zikagongana. Fundi aliumia vibaya lakini akapona. Dean alikufa, umri wake miaka 24. Katika picha zake tatu kubwa, moja tu ndiyo iliyokuwa imekwisha kuonyeshwa.