Zawadi Moja kwa Mwaka

Soma kwa ajili ya funzo la juma hili: 1 Samweli 2:18-20, 1 Mambo ya Nyakati 29:14, 2 Wakorintho 8:1-5.

Mwishoni mwa mwaka 1847, James na Ellen White walikuwa wakiishi katika sehemu ya nyumba waliyopewa na familia ya Howland huko Topsham, katika jimbo la Maine, Marekani. Hata vyombo vya ndani viliazimwa. Walikuwa na mtoto mmoja, Henry, aliyezaliwa Agosti mwaka huo. Wazazi hawa vijana waliazimia kujitegemea kwa kazi ya mikono yao, tena wabakize kitu cha kuwasaidia wengine. James alibeba mawe kwenye ujenzi wa reli na hakulipwa haki yake yote. Kisha akaenda msituni kukata kuni tangu asubuhi na mapema hadi giza, kwa kiasi cha senti 50 kwa siku.

Siku moja kabla ya kwenda kazini, James alimwachia mkewe senti 9 za kununulia maziwa ya asubuhi tatu. Ellen alizishika zile senti akawaza. Maziwa yalikuwa yake na ya mtoto, na wote wawili waliyahitaji. Lakini mikono ya Henry ilikuwa wazi, na baridi ya Maine si ya kuchezea. Aliacha maziwa, akanunua kitambaa cha kumshonea mtoto vazi la kumfunika mikono.

Baada ya muda mfupi ulikuja mtihani mkubwa kuliko ule. Kazi ya Bwana iliwaita wasafiri kutoka mji hadi mji, na safari hizo hazikumfaa mtoto mchanga. Ellen alimwacha Henry kwa familia ya Howland, na huko alikaa miaka 5. Familia ile haikudai malipo yoyote. Walimlisha, wakamlea, wakamvika mavazi yake yote, isipokuwa zawadi moja ambayo mama yake alimpelekea mara moja kwa mwaka. Ellen mwenyewe aliilinganisha zawadi hiyo na kanzu ndogo ambayo Hana alimshonea Samweli kila alipopanda kwenda kutoa dhabihu ya mwaka. Mama mwenye zawadi moja tu ya kumpa mwanawe kwa mwaka mzima hawezi kuichagua ovyo.

Hili ni vema likumbukwe na kila asomaye mashauri yake kuhusu sikukuu, kwa maana wapo wanaodhani yaliandikwa na mtu mkali asiyejua furaha ya watoto. Wala Desemba haikuwa mwezi mwepesi kwake. John Herbert, mtoto wake wa mwisho, alifariki tarehe 14 Desemba 1860 akiwa hajatimiza miezi mitatu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 8 Desemba 1863, Henry naye alifariki kwa homa ya mapafu huko huko Topsham, akiwa na miaka 16. Aliomba azikwe kando ya mdogo wake, na mwili wake ukapelekwa Battle Creek, Michigan.

Krismasi ya 1879 ilipokaribia, washiriki walimwandikia wakiuliza kama ni halali kuwa na mti wa Krismasi. Wengi walitarajia awakataze. Aliwajibu kupitia gazeti la kanisa kwamba hakuna dhambi katika kuuleta mti wa kijani kanisani; jambo la kuangaliwa ni nia, na matumizi ya zawadi zinazowekwa juu yake. Mti huo na uzae matunda: matoleo makubwa na madogo kwa ajili ya nyumba za ibada, na watoto washiriki kuyaleta.

Alisema wazi pia kwamba Biblia haitaji siku aliyozaliwa Kristo. Hata hivyo aliona kuwa ni vigumu kuipita siku hiyo kimya mbele ya watoto, wakati majirani wote wanasherehekea. Hakutaka hamu yao ya kufurahi izimwe, alitaka ielekezwe. Mzazi anayebadilisha desturi ya nyumbani, mwaka huu peremende na vitu vya kuchezea vikapungua, amweleze mtoto sababu. Mtoto aliyenyang'anywa bila maelezo hujifunza kwamba Mungu ni mchoyo! Watu wakipeana zawadi, wasimsahau Rafiki aliye mbinguni ambaye vyote vimetoka kwake. Na katika siku ya kuzaliwa, mtoto aongozwe kuutazama mwaka uliopita, aone jinsi alivyohifadhiwa hai, alishwe na kuvikwa, kisha alete yeye mwenyewe sadaka yake ya shukrani.

Wazazi katika vikundi vyetu huuliza: Je, mafundisho haya hushika? Edson, mwana wa pili wa Ellen White, aliyafahamu vizuri, lakini kwa miaka mingi mambo yake ya fedha na ya kiroho yalimhuzunisha mama yake. Barua nyingi zilimfuata. Alikuwa mtu wa miaka 44 alipomrudia Bwana kwa moyo wote mwaka 1893. Mwaka uliofuata alijenga mashua iitwayo Morning Star, na mwanzoni mwa 1895 akafika nayo Vicksburg, Mississippi, kuwafundisha watu Weusi kusoma na kuijua Injili, wengi wao wakiwa ni watu waliotoka utumwani au watoto wao.

Shule zile zilihitaji fedha. Ellen White, sasa akiwa mzee, alizihimiza familia za Kiadventista kuweka nyumbani kisanduku cha kujinyima, ambamo mtoto angetia senti ambayo angeinunulia peremende. Senti hizo zilipelekwa kwenye kazi ya Kusini, aliyoianza Edson.