Lyndon Johnson: Rais aliyerekodi simu zake, zikaja kumuumbua baada ya kufa

Siku hizi kurekodi simu ni kubonyeza tu. Miaka ya 60 haikuwa rahisi hivyo, lakini Lyndon Johnson, Rais wa 36 wa Marekani, alirekodi simu zake kwa mamia ya saa. Alirekodi akiwa ikulu, na pia akiwa nyumbani kwenye ranchi yake Texas.

Johnson alizaliwa 27 Agosti 1908 karibu na Stonewall, Texas, kwenye familia iliyosumbuliwa na madeni. Mwaka 1928 alifundisha watoto maskini wenye asili ya Mexico katika mji wa Cotulla. Aliingia bungeni 1937, na baadaye akawa kiongozi wa walio wengi katika Seneti. Silaha yake kubwa ilikuwa simu: akikupigia, atakubembeleza, atakusifia, atakutisha, mpaka ukubali.

Novemba 22, 1963 Rais John Kennedy aliuawa Dallas. Johnson akaapishwa ndani ya ndege, na muda si mrefu mashine za kurekodi zikaanza kazi. Akitaka simu irekodiwe, alizungusha kidole hewani na katibu wake akawasha mashine. Sauti iliingia kwenye mkanda wa plastiki. Wengi wa waliokuwa upande wa pili hawakujua kabisa.

Kurekodi kulimsaidia kukumbuka nani ameahidi nini, hasa alipokuwa akisukuma Sheria ya Haki za Kiraia, aliyoisaini 2 Julai 1964.

Mikanda haikuchagua. Agosti 9, 1964, siku mbili tu baada ya Bunge kumpa ruhusa ya kutumia nguvu za kijeshi Vietnam, alirekodiwa akiagiza suruali sita kwa mwenye kampuni ya nguo. Alieleza bila aibu wapi zinambana, na kwamba mifuko iwe mirefu ili hela zisidondoke.

Lakini simu nzito zaidi zilikuwa za 27 Mei 1964. Siku hiyo alizungumza na rafiki yake, Seneta Richard Russell, na wote wawili hawakuona njia nzuri ya kutoka Vietnam. Kisha akamwambia mshauri wake wa usalama, McGeorge Bundy, kwamba asubuhi hiyo alimtazama sajenti anayemhudumia nyumbani, baba wa watoto sita, akajiuliza angempeleka vitani kwa sababu gani. Alikiri haoni kama vita hiyo inafaa kupiganwa.

Hayo wananchi hawakuyasikia. Mwaka uliofuata Johnson alipeleka wanajeshi wengi zaidi, na kufikia 1968 walizidi 500,000. Machi 31 mwaka huo alitangaza hatagombea tena, akamaliza muda wake Januari 1969 na kurudi ranchi.

Januari 22, 1973 alipata mshtuko wa moyo akiwa peke yake chumbani. Alifanikiwa kuwapigia walinzi. Walipofika walimkuta amepoteza fahamu, mkononi bado ameshika simu. Alikuwa na miaka 64. Siku tano baadaye, makubaliano ya kusitisha vita Vietnam yalisainiwa Paris.

Aliacha agizo mikanda ifungiwe kwa miaka 50, yaani hadi 2023. Maktaba inayobeba jina lake haikusubiri. Miaka ya 90 ilianza kuifungua kidogo kidogo.

Hapo ndipo familia nyingi zilisikia kwa masikio yao. Wanajeshi zaidi ya 58,000 wa Marekani walikufa katika vita hiyo, pamoja na Wavietnam wengi zaidi. Kumbe aliyewapeleka vijana wao alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Na shahidi hakuwa adui yake wa kisiasa, bali mkanda aliouwasha mwenyewe.