Siti binti Saad: Mwimbaji Aliyeanza Safari Ukubwani

Katika masomo yetu ya fasihi, jina la Siti binti Saad hutajwa mara mbili: mara ya kwanza tunapofundishwa historia ya taarabu, na mara ya pili tunapozifikia kazi za Shaaban Robert, ambaye alimwandikia wasifu uliochapishwa mwaka 1958. Mara zote mbili mwanafunzi hukutana na mwimbaji aliyekwisha kukamilika, mwenye kundi lake, mwenye santuri zake, mwenye sifa iliyovuka bahari. Makala haya yanakusudia kumtazama kwa upande ambao haushughulikiwi sana, nao ni upande wa umri. Siti alizaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Alihamia mjini mwaka 1911. Santuri zake za kwanza zilirekodiwa mwaka 1928. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba mwanamke huyu aliiaga Fumba akiwa na miaka 31 hivi, na kwamba sauti tuisikiayo katika santuri hizo ni ya mtu aliyekuwa akikaribia miaka 50.

Hesabu hiyo si jambo dogo. Katika jamii aliyozaliwa, mwanamke wa miaka 31 alihesabiwa kuwa amekwisha kupita njia zake zote: amefundwa, ameolewa, amezaa, na kilichobaki ni kulea na kuzeeka. Siti naye alikuwa amekwisha kuolewa na kuzaa. Isitoshe, hakuwa Siti bado. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa.

Hatuna budi kutua kidogo katika jina hilo. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake asili ya Uzigua, yaani walitokana na makabila ya bara ambayo watu wake wengi walifikishwa Unguja na biashara ya utumwa. Hukumu ya kisheria iliyoufuta utumwa visiwani ilitolewa mwaka 1897, naye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 17. Sheria ilibadilika lakini jina lilibaki lile lile, na kila aliyemwita kwa salamu au kwa kumtuma alimkumbusha daraja lake. Mtu aweza kusema kwamba jina ni jina tu. Mimi siamini hivyo, na nadhani hata Siti mwenyewe hakuamini, kwa maana alipopata nafasi ya kuliacha aliliacha.

Kazi aliyorithi kwa mama yake ilikuwa ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavichoma, akavichukua kwenda kuviuza mjini. Huko njiani na vichochoroni ndiko ilikofahamika sauti yake, kwani alikuwa akivinadi vyungu kwa kuimba, na watu walimtambua kabla hawajamwona. Hapa pana jambo linalonivutia zaidi ya yote katika maisha yake. Muziki haukumjia Siti ukubwani kama mgeni. Alikuwa nao tangu utotoni, na aliutumia kila siku, ila uliwekwa chini ya kazi nyingine. Ulikuwa mtumishi wa chungu. Watu waliisikia sauti, wakanunua chungu, wakaenda zao. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwambia, wala pengine yeye mwenyewe hakujiambia, kwamba bidhaa yenye thamani kubwa kichwani pake haikuwa ile iliyofungwa katika mzigo.

Alipohamia mjini mwaka 1911 alikuta muziki wa taarabu ukiwa na wenyewe. Masimulizi ya kawaida huuanzia katika utawala wa Sultani Barghash, kati ya 1870 na 1888, ambaye inaelezwa kuwa alimpeleka Muhammed bin Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki ili aje kuburudisha kasri. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwani Safaa. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji na wapigaji walikuwa wanaume wenye nafasi zao katika jamii. Mfinyanzi kutoka shamba, mwanamke, asiyejua kusoma wala kuandika, hakuwa na mlango wa kuingilia.

Mlango ulifunguliwa na Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa, ambaye aliisikia sauti yake akajitolea kumfundisha. Hebu tulifikirie somo hilo lilivyokuwa. Mwanafunzi ni mtu mzima, mwenye mazoea yake ya kuimba, na sasa anatakiwa aanze upya: ashike matamshi ya lugha ya watu wengine, azuie pumzi mahali fulani, angoje fidla imalize ndipo aingie. Hawezi kuandika somo ili alirudie baadaye, hivyo kila neno ni la kuhifadhiwa kichwani. Watu wengi huona aibu kuketi mbele ya mwalimu wakiwa na umri huo. Yeye aliketi. Kupitia Ali Muhsin alijuana na wanamuziki wengine, miongoni mwao Subeti bin Ambar, Maalim Shaaban na Mbaruk, mpiga udi aliyetoka Mombasa, na kundi lililomzunguka hadi mwisho likapatikana kwa njia hiyo. Mjini ndiko alikopewa jina la Siti, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni la kumwitia bibi mwenye heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ambayo ramani ya Unguja haiwezi kuionyesha.

Kwanza aliimba kwa Kiarabu, kama ilivyokuwa desturi, na alialikwa katika nyumba za wakubwa. Hata hivyo, umaarufu wake hasa ulikua alipoimba kwa Kiswahili. Alikuwa miongoni mwa watu waliouingiza muziki wa taarabu katika lugha ya wengi, na nyumba yake ya Ng'ambo, mtaa uliokaliwa na wengi waliotokana na watumwa, ikawa kituo cha wapenzi wa nyimbo. Mambo ya mtaani yalitungiwa nyimbo yangali moto. Wimbo unaojulikana kwa jina la Kijiti ulihusu kisa cha mgeni mwanamke kutoka Dar es Salaam aliyeuawa. Muuaji alitoroka kwa kuvuka bahari, na walioadhibiwa ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Yanenwayo barazani kwa sauti ya chini yaliimbwa hadharani na mtu ambaye, miaka michache nyuma, alihitaji ruhusa ya mnunuzi ili aingie uani.

Si kila mtu aliyefurahi. Walikuwapo waliomkejeli kwa nyimbo, wakimkumbusha kwamba alikuja kutoka shamba na kaniki yake na kwamba sura hana. Majibu yake nayo yalikuja kwa wimbo, na hoja yake ilikuwa nyepesi: uzuri na nasaba hakudai kuwa navyo, bali akili anayo. Wapo wasomi wanaouona mjibizano huo kama ushindani tu wa waimbaji. Kwa maoni yangu, ni mahali pa wazi kabisa ambapo mtu wa makamo anaeleza kile alichokigundua ndani yake baada ya kuambiwa miaka yote kwamba hamna kitu.

Mwezi Machi 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya Gramophone yenye alama ya His Master's Voice. Walirekodi nyimbo nyingi, na katika miaka miwili iliyofuata wakaongeza nyingine. Santuri hizo zilisambaa Unguja na Pemba, zikafika pwani ya Kenya, Tanganyika na visiwa vya Ngazija. Katika mikahawa, mwenye gramafoni alikusanya watu hata wasiokuwa na senti ya kununua santuri. Mwaka huo huo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo walikuwa katika mgomo wa kukataa kulipa kodi ya ardhi, kwa hiyo mtaa uliompa Siti nyimbo ulikuwa nao unajifunza kupaza sauti. Yatupasa kukumbuka vilevile kwamba hakuna santuri ya sauti yake ya ujanani. Ile iliyonadi vyungu imepotea, na tuliyo nayo ni ile iliyopitia kwa mwalimu, iliyokwisha kujua inachokitaka.

Shaaban Robert alikutana naye uzeeni, muda si mrefu kabla ya kifo chake, akamsikiliza akisimulia maisha yake. Wasifu alioutoa ni kazi ya heshima kubwa, na kwa kuwa mwandishi wake alikuwa mshairi wa maadili, alipenda zaidi kuisifu subira na tabia njema ya Bibi huyu. Mimi hutamani angemuuliza zaidi juu ya mwaka 1911 wenyewe: siku aliyofunga mzigo, nani alimkataza, na alichukua nini mkononi. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Bi Kidude, ambaye katika usichana wake alizijua nyimbo hizo kwa kumsikiliza Siti, aliendelea kuziimba majukwaani hadi uzeeni mwake, na alifariki mwaka 2013.