Dk. Wilbert Klerruu na Krismasi ya Ismani

Wengi wetu tulio walimu katika Nyanda za Juu Kusini tunalifahamu jina la Chuo cha Ualimu Klerruu, pale Iringa mjini. Walimu wengi wametoka chuoni hapo, nao wamefundisha Iringa, Njombe, Mbeya na kwingineko. Lakini tukiwauliza vijana wetu Klerruu alikuwa nani, wachache wanaweza kujibu. Kwa hiyo tumeona vema kuyaeleza maisha yake kwa kifupi, kwa maana yana fundisho kwa kila mtu anayetaka kuwaletea wenzake maendeleo.

Dk. Wilbert Klerruu alikuwa mtu wa Kilimanjaro. Alisoma sana, hata akapata shahada ya udaktari huko Marekani, jambo lililokuwa adimu kabisa kwa Mwafrika wa siku zile. Mtu wa elimu kama ile angeweza kujitafutia maisha ya raha mjini. Yeye alichagua kuitumikia nchi yake changa, akawa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mtwara ulikuwa mstari wa mbele kwa wingi wa vijiji vya ujamaa, na bidii ya Mkuu wa Mkoa huyo ilijulikana nchi nzima. Kisha akahamishiwa Iringa.

Huku alikuta hali nyingine. Ismani, kaskazini ya mji wa Iringa, ilikuwa zamani pori kavu lenye watu wachache. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walianza kumiminika huko kutoka pande nyingi, wakafyeka miti na kulima mahindi. Ardhi ilikuwa mpya, mavuno yakawa mengi, na Ismani ikawa ghala la mahindi la nchi. Baadhi ya wakulima walinunua matrekta na kulima eka nyingi sana. Wengine hawakuwa na kitu, wakaishi kwa kulima vibarua katika mashamba ya wenzao. Ardhi nayo ilianza kuchoka. Dk. Klerruu alipotazama hayo, aliona dhuluma inayopaswa kuondolewa upesi. Alitaka watu wakae pamoja vijijini, walime pamoja, na kugawana matunda ya jasho lao.

Shabaha ile ilikuwa njema. Hata hivyo, wale wenye mashamba makubwa hawakuwa wageni wa jana. Walikuwa wameyafyeka kwa mikono yao, na baadhi yao walikuwa wamezika wazee wao mahali pale. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika maandiko yake ya mwaka 1968 juu ya uhuru na maendeleo, alikuwa ameonya kwamba watu waingie vijiji vya ujamaa kwa hiari yao, na kazi ya kiongozi ni kuwaeleza na kuwashawishi. Lakini haraka ya kazi ilikuwa kubwa, na subira ilikuwa ndogo.

Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Dk. Klerruu alikwenda Mkungugu, Ismani, kwa mkulima mmoja aitwaye Said Mwamwindi. Yakatokea maneno makali kati yao. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga Mkuu wa Mkoa, akafa. Kisha akaipakia maiti garini, akaendesha mwenyewe mpaka polisi Iringa, akajisalimisha. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimwona ana hatia ya kuua, naye akahukumiwa kunyongwa.

Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tunakumbuka jinsi wazee walivyoshusha sauti walipozungumza habari hizo. Wengine walimlilia Mkuu wa Mkoa aliyekufa kazini. Wengine walimhurumia mkulima, ingawa hawakuthubutu kusema. Siku ambayo watu wanaimba habari za amani duniani, nyumba mbili ziliingia msibani.

Serikali haikurudi nyuma. Watu wa Ismani walikusanywa vijijini, na mwishoni mwa mwaka 1973 ikatoka amri kwamba nchi nzima iwe imehamia vijijini kabla ya mwaka 1976 kwisha. Tuseme kweli yote. Mahali pengi watu walihamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba na mashamba yao. Lakini katika vijiji hivyo hivyo zilijengwa shule na zahanati, na watoto ambao zamani walichunga ng'ombe siku zote wakajifunza kusoma. Sisi tuliofundisha katika shule hizo hatuwezi kuidharau neema hiyo. Mashamba ya pamoja yalikufa baada ya miaka michache. Shule zimebaki. Tumeona kwamba kile ambacho watu walikitaka wenyewe walikitunza, na kile walicholazimishwa walikiacha mara msukumo ulipokwisha.

Basi tusimhukumu Dk. Klerruu kana kwamba alitafuta faida yake. Hakujitajirisha kwa ardhi ya mtu, bali alitumia elimu yake na uhai wake kwa ajili ya maskini. Wala tusiseme kuua kulikuwa halali kwa sababu ya hasira. Lakini tujiulize sisi katika mitaa yetu: tunapopanga kuchimba kisima au kujenga darasa, je, tumeketi kwanza na mwenye shamba? Tumemsikiliza yule mzee anayekataa, tukajua sababu yake? Mwenye haki katika shabaha yake anaweza kukosa katika njia yake, na kosa hilo likagharimu maisha ya watu.

Krismasi ijayo, tunapokusanyika kanisani, tuzikumbuke katika sala zetu nyumba zote mbili, ya Klerruu na ya Mwamwindi.