John Akii-Bua: Bingwa Aliyeshinda kwa Bidii na Utu

Na Mwandishi Wetu, Kahama

Vijana wa shule za Kahama wanaojiandaa kwa mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA hufanya mazoezi kwenye viwanja vya vumbi. Kwao, na kwa walimu wao wa michezo, maisha ya hayati John Akii-Bua wa Uganda yana mafunzo yasiyochakaa.

Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, katika familia kubwa ya wafugaji. Alijiunga na Jeshi la Polisi akiwa kijana, na huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Kocha Malcolm Arnold kutoka Uingereza alimshawishi ajikite katika mbio za mita 400 kuruka viunzi. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya nne. Hakukata tamaa, bali alizidisha mazoezi, akikimbia milimani huku amevaa fulana iliyoshonewa vipande vizito vya madini ya risasi.

Tarehe 2 Septemba 1972, katika fainali ya Olimpiki mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ambayo kona zake ni kali kuliko za njia nyingine zote. Pembeni yake walikuwapo Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi. Akii-Bua aliwashinda wote kwa sekunde 47.82, akawa binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda, na nchi hiyo ilisubiri miaka 40 kupata ya pili. Baada ya kumaliza, aliendelea kuzunguka uwanja akirukaruka kwa furaha, na watazamaji wakampenda.

Umaarufu haukumkinga na misukosuko. Mwaka 1976 mataifa mengi ya Afrika, Tanzania ikiwamo, yalisusia Olimpiki ya Montreal kwa kupinga uhusiano wa kimichezo kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya kibaguzi. Hivyo hakupata nafasi ya kutetea taji lake, na katika michezo hiyohiyo Edwin Moses wa Marekani aliivunja rekodi yake. Nyumbani, watu wa Lango waliandamwa na utawala wa Idi Amin. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, bingwa huyo alikuwa mkimbizi nchini Kenya, kisha akahamia Ujerumani Magharibi.

Angeweza kubaki ughaibuni. Hata hivyo, alirejea Uganda katika miaka ya 1980, akavaa tena sare ya polisi na kuwafundisha wanariadha chipukizi. Alifariki dunia Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, na taifa lake likamzika kwa heshima.

Mwanamichezo hachagui njia anayopangiwa, wala zama anazozaliwa. Akii-Bua alipewa njia ngumu uwanjani na ngumu zaidi maishani, akazikimbia zote mbili bila kinyongo, kisha akarudi kuwaonyesha wengine namna ya kukimbia. Kijana wa Kahama anayefunga kamba za viatu vyake alfajiri hahitaji uwanja wa kifahari ili aanze kumfuata.