Pullen wa Earlswood, fundi aliyekosa maneno

James Henry Pullen alizaliwa London mwaka wa 1835. Alipofikia umri wa miaka saba alikuwa na neno moja tu, lile la kumwita mama yake, nalo hakulitamka vizuri. Hakusikia vema. Watu wa wakati ule walimhesabu kuwa mjinga wa kuzaliwa. Lakini mtoto huyo alikuwa akiokota vipande vya kuni na kuchonga merikebu ndogo, kisha akazichora.

Katika ujana wake aliingizwa Earlswood, nyumba kubwa ya kutunzia watu wenye ulemavu wa akili, kusini mwa London. Kusoma na kuandika havikumwingia, isipokuwa maneno mafupi sana. Hata hivyo hakuachwa akae bure: alipewa nafasi katika karakana ya useremala. Mchana alitengeneza samani, jioni alichora. Aliongea kwa ishara na kwa kutazama midomo ya wenziwe. Mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, alimpelekea pembe za ndovu azichonge. Sisi wa Kisangani, mji uliojulikana kwa biashara ya pembe tangu enzi za Tippu Tip, tunaelewa uzito wa zawadi hiyo.

Kuanzia 1870 hadi 1877 alijenga mfano wa meli Great Eastern, wenye ribiti 5,585 na mashua 13 za kuokolea. Aliposhusha meli hiyo majini mara ya kwanza, ilizama. Akaifanyia kazi upya. Mwaka wa 1883 ilionyeshwa katika Maonyesho ya Uvuvi ya London, ikapata medali.

Lakini maisha yake hayakuwa ushindi mtupu. Ilifika siku alimpenda mwanamke, akataka kutoka Earlswood. Wakubwa wa nyumba hawakutaka kumpoteza. Wakampa vazi la amirali lenye mapambo ya dhahabu, ili abaki. Alibaki, na humo alifia mwaka wa 1916. Kazi ilimpa heshima. Uhuru wa kuamua aishi wapi na nani hakuupata.

Kwa nini tumsome katika kitivo cha lugha? Kwa sababu sisi ndio wepesi wa kupima akili ya mtu kwa maneno yake. Hapa mjini, kijana ambaye herufi zimemkataa huondoka shuleni mapema, akaishia kusukuma mizigo sokoni au kuendesha toleka, bila mtu kumuuliza mikono yake inajua nini. Pullen aliulizwa swali hilo, naye akajibu kwa meli. Swali la pili, yaani yeye mwenyewe anataka nini, aliulizwa na nani? Kijana wetu anastahili kuulizwa yote mawili.