Sarabhai aligeuza kijiji cha wavuvi kuwa darasa la roketi

Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India kilitua salama karibu na ncha ya kusini ya mwezi, upande ambao hakuna taifa jingine lililokuwa limewahi kutua. Chombo hicho kiliitwa Vikram. Nilipowauliza wanafunzi wangu maana ya jina hilo, mmoja alijibu kwamba ni neno la Kisanskriti linalohusiana na ushujaa. Katika somo la isimu jibu hilo lilistahili alama zote. Lakini Vikram aliyekusudiwa ni mtu, Dakta Vikram Sarabhai, aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita bila ya kuishuhudia roketi yoyote ya nchi yake ikifikisha kitu kwenye mzingo wa dunia. Alichokishuhudia, na ndicho ninachotaka kukieleza leo, ni roketi ndogo ndogo zikirushwa kutoka pwani ya mchanga, katika kiwanja alichoufungulia ulimwengu mzima.

Sarabhai alizaliwa tarehe 12 Agosti 1919 mjini Ahmedabad, katika Gujarat ya leo. Baba yake, Ambalal, alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo, na kiwanda chake kikuu kiliitwa Calico Mills. Msomaji ataniwia radhi nikisita kidogo hapa, kwani ndiyo kazi yangu. Neno hilo, ambalo nasi tumelitohoa kuwa kaliko, limetokana na Calicut, bandari ya Kerala ambayo Vasco da Gama aliifikia mwaka 1498 akiongozwa na rubani aliyempata Malindi. Kerala na Malindi zitarudi tena katika makala haya, na safari hiyo si kwa ajili ya nguo wala viungo.

Nyumba aliyokulia haikuwa ya kawaida. Watoto walikuwa wanane, na mama yao aliwaanzishia shule humo humo nyumbani. Wageni waliopita hapo ni pamoja na Gandhi na Tagore. Mwaka mmoja kabla ya Vikram kuzaliwa, shangazi yake, Anasuya, aliwaongoza wafanyakazi wa viwanda vya nguo katika mgomo uliomlenga, miongoni mwa matajiri wengine, kaka yake mwenyewe. Gandhi alikuwa upande wa wafanyakazi. Mgomo ulikwisha na udugu haukuvunjika. Nadhani mtoto aliyelelewa na hadithi hiyo hawezi kuona ajabu baadaye watu wa kambi mbili zinazohasimiana wakiketi katika chumba kimoja.

Alikwenda kusoma Cambridge, akahitimu mwaka 1940, vita vikamrudisha nyumbani. Huko Bangalore alifanya utafiti chini ya C. V. Raman, mshindi wa Tuzo ya Nobel, akichunguza miale ya kosmiki, yaani chembe ndogo mno zenye nguvu kubwa zinazoinyeshea dunia kutoka anga za mbali. Mwaka 1942 alimwoa Mrinalini, msanii mashuhuri wa ngoma za jadi. Baada ya vita alirejea Cambridge, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1947 kwa utafiti juu ya miale hiyo katika maeneo ya tropiki. Mwaka huo huo, India ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, alianzisha mjini Ahmedabad maabara ya utafiti wa fizikia. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Hapa yafaa walimu wa sayansi wanisaidie, maana bila ya kuelewa jambo moja la kifizikia, uamuzi wake wa baadaye utaonekana kama anasa ya mwana wa tajiri. Dunia ina ikweta mbili. Ipo ile tunayoifundisha katika jiografia, na ipo ikweta ya sumaku, ambapo sindano ya sumaku iliyoning'inizwa hulala sawasawa bila ya kuinamisha ncha yoyote. Juu ya ikweta hii ya pili, kwenye kimo cha takriban kilomita 100, hupita mchana mkondo mkali wa umeme. Wanasayansi walitaka kuupima. Lakini puto haliwezi kupanda kufikia kimo hicho, nayo setilaiti haiwezi kudumu ikizunguka chini kiasi hicho, kwani hewa, japo nyembamba, huikokota mpaka ianguke. Chombo pekee kinachoweza kupeleka vipimo mahali hapo ni roketi ndogo, inayopanda, ikapima kwa dakika chache, kisha ikaanguka baharini. Na ikweta ya sumaku hupita kusini kabisa mwa India.

Kwa hiyo India haikuwa na roketi hata moja, lakini ilikuwa na mahali ambapo wenye roketi wangependa kufika. Sarabhai aliliona hilo mapema. Mwaka 1962 serikali iliunda kamati ya kitaifa ya utafiti wa anga, naye akafanywa mwenyekiti wake, akiungwa mkono na Homi Bhabha, mkuu wa nishati ya atomiki. Mwaka huo huo kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia matumizi ya amani ya anga za juu ilipendekeza kiwepo kituo cha kimataifa cha kurushia roketi ndogo karibu na ikweta ya sumaku. Sarabhai hakungoja kualikwa mara ya pili.

Mahali palipochaguliwa paliitwa Thumba, kijiji cha wavuvi karibu na Thiruvananthapuram, Kerala, kati ya reli na bahari. Katikati ya ardhi iliyotakiwa palikuwa na kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena. Sarabhai alimwendea askofu, Peter Bernard Pereira, naye hakumpa jibu papo hapo. Alilipeleka suala hilo mbele ya waumini siku ya Jumapili, akawaeleza kazi iliyokusudiwa, nao wakakubali. Kijiji kikahamishwa na kanisa jipya likajengwa kwingine. Habari hii husimuliwa kwa tabasamu, nami naipenda, lakini haifai kusahau kwamba waliotoa walikuwa maskini, na walitoa nyumba, makaburi na ufuo wao wa kuvulia. Mchango wa kwanza katika safari ya India ya angani haukutoka kwa Marekani wala kwa Warusi.

Jengo la kanisa likawa karakana na ofisi. Zizi la ng'ombe likawa maabara. Vijana wachache walikuwa wamepelekwa Marekani kujifunza kazi, miongoni mwao Abdul Kalam, mtoto wa mwenye mashua, ambaye baadaye alikuwa Rais wa India kati ya 2002 na 2007. Roketi ya kwanza, aina ya Nike-Apache, ilitoka Marekani. Mzigo wake wa mvuke wa sodiamu ulitoka Ufaransa. Urusi ya Kisovieti ilichangia kompyuta na helikopta. Haya yalikuwa mwaka mmoja tu baada ya Marekani na Urusi kukaribia kuangamizana kwa sababu ya Kuba.

Jioni ya tarehe 21 Novemba 1963 roketi hiyo ilipokuwa ikiinuliwa kuwekwa kwenye mtambo wake, winchi ilivuja mafuta na roketi ikaanza kulala upande. Wakati ulikuwa umekwisha. Wahandisi waliishika kwa mikono yao, wakaibeba na kuisimamisha. Ikaruka. Wakazi wa pwani waliona wingu la rangi ya chungwa likitanda angani baada ya jua kutua; ilikuwa ile sodiamu iking'aa huku upepo wa juu ukiichora njia yake. Kesho yake Rais Kennedy aliuawa Dallas, na magazeti ya dunia yakawa na jambo jingine la kuandika.

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali kukidhamini kituo hicho mwishoni mwa 1965, na tarehe 2 Februari 1968 Waziri Mkuu Indira Gandhi alikiweka rasmi kuwa kituo cha mataifa yote kwa utafiti wa amani. Lakini nadhani tarehe iliyomfurahisha zaidi Sarabhai ilikuwa 20 Novemba 1967. Siku hiyo ilirushwa Rohini, roketi iliyoundwa na Wahindi wenyewe, yenye kipenyo cha milimita 75, yaani nyembamba kuliko shina la mgomba. Mtu angeweza kuicheka. Wageni waliokuwa wakileta roketi kubwa walikuwa bado wako hapo hapo, lakini sasa mwenyeji alikuwa na chake cha kurusha. Faida aliyoitazamia Sarabhai haikuwa kodi ya kiwanja. Kila mgeni aliyefungua sanduku lake pale Thumba alilifungua mbele ya kijana wa Kihindi mwenye daftari.

Wapinzani hawakukosekana, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1965 na 1966 ukame uliikumba India, na nafaka ililetwa kwa meli kutoka Marekani. Roketi za nini? Sarabhai alishikilia kwamba nchi maskini haina sababu ya kushindana na matajiri kwenda mwezini, ila ikiacha kutumia elimu ya juu kabisa kwa shida zake yenyewe, itabaki kuomba milele. Alitaka setilaiti zitabiri mvua na zipeleke masomo ya kilimo na afya vijijini. Mwaka 1969 alifikia makubaliano na Marekani kuhusu televisheni ya vijijini. Jaribio lilifanyika mwaka 1975 na 1976 katika vijiji takriban 2,400, naye hakuwapo.

Nirudi Malindi kama nilivyoahidi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, Profesa Luigi Broglio wa Italia alijenga kituo cha kurushia roketi baharini, mbele ya Ngomeni katika Ghuba ya Ungwana. Huko, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota, nayo ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Ni kazi kubwa, tena Wakenya walifanya kazi pale. Hata hivyo roketi zilikuwa za Marekani na usimamizi ulikuwa wa Italia, na zilipokoma hatukubaki na Rohini yetu. Setilaiti yetu, Taifa-1, ilipokuwa tayari Aprili 2023, ilirushwa kutoka California. Sisemi kwamba tulinyimwa. Nasema hatukuwa na mtu aliyesimama mlangoni akihesabu vijana wangapi wameingia, na wametoka wakijua nini.

Sarabhai naye alikuwa na kasoro, na kubwa ilikuwa kutojua kukataa mzigo. Bhabha alipofariki katika ajali ya ndege Januari 1966, alikabidhiwa tume ya nishati ya atomiki juu ya kazi zake za anga, za maabara, na za taasisi nyingine kadha alizozianzisha, ikiwemo chuo cha usimamizi cha Ahmedabad. Alisafiri bila kupumzika. Fauka ya hayo, ujuzi uliochipuka Thumba ulikuja kutumika pia katika makombora ya kivita, na Kalam ndiye aliyeyasimamia. Jambo hilo wanaomsifu Sarabhai kwa ajili ya amani hulipitia haraka.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Desemba 1971 alikuwa amelala hotelini Kovalam, si mbali na Thumba, ambako shughuli za kituo zilikuwa zimemleta. Asubuhi alikutwa amefariki. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Lile kanisa la zamani lingali limesimama. Siku hizi ni jumba la makumbusho ya anga, na watoto wa shule hupangwa foleni mlangoni pake. Upande wa bahari roketi ndogo za kupima hali ya hewa zingali zikirushwa. Tangu jioni ile ya 1963, zaidi ya 2,000 zimekwisha kupaa.